Chumba cha kumiksi chenye dirisha: dalili, chanzo na dawa yake

Malalamiko ya maprodyuza wa Uganda wanaomiksi nyumbani, yaani wanaochanganya na kusawazisha sauti za wimbo, wawe Ntinda, Kasese au Arua, yanafanana mno. Karibu kila mmoja anaanza na kauli ileile: "Dirisha linaniharibia miksi." Mara nyingi dirisha limesingiziwa. Kinachoharibu ni meza, ambayo imewekwa pale ilipo kwa sababu ya dirisha: mwanga unaingia hapo, upepo unaingia hapo, na soketi ya umeme iko chini yake. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini, hatua ya kwanza ni kuhamisha vitu, na kununua huja baadaye.

Kabla hatujaanza, kuna jambo ambalo maelezo ya mtandaoni hayakwambii. Mengi yameandikwa kwa ajili ya nyumba za Marekani, zenye kuta za mbao na bodi ya jasi. Ukuta wa namna hiyo hutikisika na sehemu ya besi hupotelea humo. Sisi tunajenga kwa tofali la kuchoma na plasta ya saruji, na besi ikigonga hapo inarudi karibu yote. Mlango na dirisha ndiyo sehemu laini pekee za kuta hizo. Ukisoma kwamba paneli nne nyembamba za kumeza sauti zinatosha, jua kwamba huyo anayeshauri hakai kwenye nyumba ya tofali.

Utahitaji tepu ya kupimia, kioo cha kujitazamia, rafiki mmoja, na nyimbo mbili tatu unazozijua kwa moyo. Programu ya bure ya Room EQ Wizard, inayopima sauti ya chumba, pamoja na maiki ya kupimia vitakusaidia sana ukivipata, ila si sharti.

Dalili ya 1: Besi ya chumbani si besi ya kwenye teksi

Nyumbani miksi imetulia. Ukiipeleka kwenye teksi ya abiria 14, besi inamfunika mwimbaji. Au kinyume chake: nyumbani inanguruma, nje haipo.

Chanzo kikuu ni mahali ulipoweka kiti. Vyumba vingi vya kupanga ni vya futi 10 kwa 10 au 10 kwa 12. Sauti husafiri kama mita 344 kwa sekunde. Gawanya hiyo kwa urefu wa chumba mara mbili, utapata noti ya chini kabisa ambayo kuta mbili zinazotazamana zinaing'ang'ania. Futi 12 ni mita 3.66, jibu ni karibu Hz 47 (mitetemo 47 kwa sekunde). Futi 10 ni mita 3.05, jibu ni karibu Hz 56. Sasa kumbuka kwamba uzi wa A wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, ni Hz 55. Ndiyo maana mpiga besi akigusa A chumba kizima kinavuma, na akihamia D, ambayo ni Hz 73, besi inanywea kama vile ameshusha sauti. Chumba cha futi 10 kwa 10 ni kibaya zaidi, kwa kuwa jozi zote mbili za kuta zinashika noti ileile. Na kama dari nayo iko futi 10 juu, tafuta chumba kingine ndani ya nyumba hiyohiyo, utaokoa pesa.

Noti hiyo ya kwanza hufifia katikati ya chumba na kujaa kwenye kuta. Aliyekaa katikati kabisa haisikii, anaiongeza, na teksi inamuumbua. Aliyekaa huku kisogo kinakaribia ukuta wa nyuma, kwa kuwa kitanda kimekula nafasi, anaisikia imezidi na kuipunguza.

Hakikisha hivi: cheza wimbo wenye besi inayotembea, simama, kisha tembea polepole kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma. Ikiwa besi inabadilika hatua kwa hatua, tatizo ni chumba, na spika mpya haitakusaidia. Geuza meza utazame ukuta mfupi, spika zipige kufuata urefu wa chumba, na kiti kiwe katikati ya upana. Anza na umbali wa asilimia 38 ya urefu kutoka ukuta wa mbele; kwa futi 12 ni kama mita 1.4. Hapo ni mahali pa kuanzia tu. Sogea sentimita kumi kumi mbele na nyuma mpaka noti za besi zikaribie kulingana nguvu.

Chanzo cha pili ni umbali wa spika kutoka ukuta ulio nyuma yake. Besi haiendi mbele peke yake. Inazunguka spika, inagonga ukuta na kurudi ikiwa imechelewa, kisha inaizima ile inayotoka. Uso wa spika ukiwa mita 1 kutoka ukutani, shimo, yaani mahali noti zinapopotea, linatokea karibu na Hz 86. Ukiwa sentimita 60, ni Hz 143. Ukiwa sentimita 30, ni Hz 287. Wengi wameambiwa wavute spika mbali na ukuta, na katika chumba kikubwa ni sawa, lakini katika chumba cha kulala unakuwa umelileta shimo palepale penye mwili wa besi na ngoma. Mimi husogeza spika karibu na ukuta kadiri inavyowezekana, naacha upana wa kiganja ikiwa tundu la besi liko nyuma, kisha napunguza besi kwa swichi iliyo nyuma ya spika kama ipo. Shimo linapanda juu, mahali ambapo paneli ya sentimita 10 inaweza kulimudu.

Chanzo cha tatu ni pembe tupu. Besi hukusanyika pembeni, na hapo ndipo mitego ya besi, yaani paneli nene za kuimeza, hukaa. Kabla ya kumlipa seremala, azima magodoro ya nyumba nzima kwa jioni moja. Yasimamishe kwenye pembe, rudi kwenye kiti, sikiliza wimbo uleule. Ukisikia tofauti, basi jenga: fremu ya mbao yenye kina cha sentimita 15 au zaidi, ndani rokiwulu (pamba ya mawe) ya kilo 40 hadi 60 kwa mita ya ujazo, juu kitambaa kinachopitisha hewa, isimame kukata pembe kutoka sakafuni hadi darini na kuacha nafasi tupu nyuma. Mbao za soko la Ndeeba, Kampala, zinafaa kabisa. Hazihitaji kuwa mvule. Vaa barakoa na glavu unapokata rokiwulu, nyuzi zake zinawasha ngozi na koo. Usitarajie miujiza. Robo ya wimbi la Hz 50 ni mita 1.7, kwa hiyo hakuna paneli ya chumba cha kulala itakayoimaliza noti hiyo. Unachofanya ni kufupisha mkia wake.

Ikwalaiza kwenye spika inaweza kushusha noti iliyozidi, ila haiwezi kujaza shimo. Unaongeza, chumba kinazima, unaongeza tena, mwishowe unaunguza spika.

Simama hapa: ukianza kufikiria kubomoa ukuta ili chumba kirefuke, weka nyundo chini. Ukuta unaoonekana kama wa kugawa vyumba tu unaweza kuwa umebeba linta au mbao za paa. Hilo ni swali la mhandisi, na la mwenye nyumba.

Dalili ya 2: Mwimbaji wa katikati anavutwa upande mmoja

Anza na jaribio la dakika moja. Cheza sauti ya mono, yaani ileile kushoto na kulia, kisha badilishana kebo za kushoto na kulia kule kwenye intafesi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta na spika. Mwimbaji akihamia upande wa pili, kosa liko kwenye intafesi au kwenye programu. Akibaki palepale, tatizo ni spika au chumba; badilishana spika zenyewe utajua lipi.

Ikiwa ni chumba, pima kwanza. Umbali kutoka spika hadi spika, na kutoka kila spika hadi kichwani pako, uwe sawa kwa pande zote tatu, na twita, zile spika ndogo za sauti za juu, ziwe usawa wa sikio. Watu hukadiria kwa macho na kukosa kwa sentimita kumi. Hiyo inatosha kumvuta mwimbaji.

Baada ya hapo ndipo dirisha linaingia mahakamani. Kosa lake kubwa ni kukaa upande mmoja. Kioo kinarudisha sauti za juu zikiwa kali, huku upande wa pili kuna kabati la nguo linalozimeza. Masikio mawili yanapata habari mbili tofauti. Keti kwenye kiti, rafiki atembeze kile kioo cha kujitazamia ukutani kwa urefu wa sikio lako. Pale unapoiona spika ndani ya kioo, hapo ndipo sauti inapogonga na kukurudia. Weka alama. Fanya hivyo pande zote mbili, na darini pia.

Alama ikiangukia kwenye dirisha, una njia tatu, na nazipanga kwa jinsi ninavyozipenda. Ya kwanza, geuza chumba ili dirisha liwe mbele yako, nyuma ya spika, katikati. Sauti za juu hutoka mbele ya spika na hazikigongi kioo moja kwa moja, na sehemu ya besi inatoka nje badala ya kurudi. Ubaya wake ni mwanga machoni, na kwamba mpita njia anaona vifaa vyako vyote. Weka pazia zito na usiache skrini ikiwaka usiku. Kumbuka pia tuko kwenye ikweta: dirisha linalotazama mashariki linapata jua kila asubuhi mwaka mzima, na spika haziwezi kukaa humo.

Ya pili, ikiwa dirisha lazima libaki upande, jenga paneli yenye miguu, kina cha sentimita 10, kimo kama mita moja na nusu. Isimamishe mbele ya dirisha unapomiksi, iondoe ukimaliza ili hewa iingie. Weka nyingine kama hiyo upande wa pili. Zikiwa tofauti umerudi ulikotoka.

Ya tatu ni pazia. Lile jepesi la lesi halifanyi lolote. Pazia zito lenye upana mara mbili ya dirisha, likining'inia sentimita 15 kutoka kwenye kioo, linameza sauti za juu na kiasi cha za kati. Besi inapita humo bila hata kubisha hodi.

Kuhusu kitambaa cha kufunika paneli: weka mdomo na upulize. Pumzi ikipita upande wa pili, sauti nayo itapita. Kitenge cha pamba hupita mtihani huo vizuri. Vitambaa vya plastiki vya kochi hufeli. Lubugo, gome la mutuba linalogongwa Buganda, linapendeza kuliko vyote, lakini vipande vinatofautiana kwa uzito, kwa hiyo puliza kwanza.

Dalili ya 3: Ukipiga kofi, chumba kinalia "trrr"

Hii ni sauti inayokimbizana kati ya nyuso mbili ngumu zinazotazamana. Katika chumba cha futi 10 inakwenda na kurudi kama mara 56 kwa sekunde, ndiyo maana inasikika kama mtetemo. Utaisikia zaidi kwenye makofi na nyuzi za adungu, kinubi chetu, kuliko kwenye kinanda.

Mara nyingi ni ukuta wa dirisha na ule unaoutazama. Mara nyingine ni sakafu ya vigae na dari tambarare. Zulia nene litaonyesha ukweli mara moja. Huna haja ya kufunika kuta zote mbili. Paneli mbili tatu zikipishana, au rafu iliyojaa vitabu na makorokoro, zinatosha.

Dalili ya 4: Chumba kimenyamaza, lakini miksi ni kali masikioni

Hii ni dalili ya aliyetumia pesa. Amebandika sponji ya sentimita 5 kila mahali, chumba kiko kimya, na wateja bado wanalalamika kwamba sauti "inachoma".

Sponji ya sentimita 5 inafanya kazi yake hasa kuanzia kati ya Hz 500 na 1,000 kwenda juu; chini ya Hz 300 ni pambo. Kwa hiyo umeondoa trebo (sauti za juu) na kuacha besi yote. Unasikia giza, unaongeza trebo, na nje miksi inakwaruza. Dawa ni kubandua karibu nusu ya sponji, ukabakiza zile za kwenye alama za kioo, na sponji uliyobandua uikusanye kwa tabaka kwenye pembe. Ukuta wa nyuma uachie nyuso zilizovunjikavunjika: rafu, masanduku, hata fremu za mbao tupu.

Trei za mayai niseme mara moja tu: ni karatasi nyembamba, hazimezi besi, karibu hazimezi chochote, na zinashika moto haraka.

Moto ndio onyo la kweli la sehemu hii. Sponji ya godoro ikiwaka hutoa moshi wenye sumu, ikiwemo kaboni monoksaidi na sianidi, na huo huua kabla ya miali kukufikia. Umeme ukikatika usiwashe mshumaa ndani ya chumba cha sponji, usiingize sigiri, usibandike sponji juu ya soketi au taa. Na dirisha lenye grili isiyofunguka si njia ya kutokea. Kama chumba kina mlango mmoja tu, mwite fundi wa chuma aweke bawaba kwenye grili, na ufunguo ukae humohumo ndani.

Dalili ya 5: Kitu kinalia "zzz" kila besi ikishuka

Usikimbilie kufungua spika. Cheza toni moja kwa sauti ya wastani, ukiipandisha polepole kutoka Hz 30 hadi 200, na utembeze mkono: kitasa cha dirisha, grili, puti iliyokauka ikaachia kioo, bodi ya dari, kifuniko cha taa, fremu ya picha. Ukigusa na mlio ukakatika, umempata. Vipande vya mpira na silikoni vinamaliza kesi nyingi. Kioo chenye ufa mwachie fundi wa vioo. Na nyumba ikiwa ya zamani, yenye bodi za dari au paa unaloshuku ni asbesto, usitoboe, usikate, usisugue. Vumbi lake linaharibu mapafu na linahitaji watu wenye vifaa vyake.

Dalili ya 6: Boda, mvua na majirani wako ndani ya miksi

Hapa nawavunja moyo wengi. Paneli, mitego na sponji hazizuii sauti kuingia wala kutoka. Zinapanga sauti iliyomo. Kuzuia kunataka vitu viwili: uzito, na kuziba kila upenyo. Upenyo wa asilimia moja tu ya ukuta unakufungia kwenye dB 20 (desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti) za kuzuia, hata ukuta wenyewe ungekuwa wa zege nene.

Angalia basi juu ya dirisha lako. Yale matundu ya hewa yaliyojengwa ukutani ndiyo mlango wa boda. Mtu analipia kioo cha pili na kuacha matundu sita wazi juu yake. Anza kwa kuziba kingo za dirisha na chini ya mlango kwa mpira. Kisha jenga kisanduku cha mbao juu ya matundu, chenye njia inayopinda mara mbili na sponji ndani, ili hewa ipite na sauti ichoke njiani. Usiyazibe kabisa. Katika chumba kidogo chenye watu watatu na kompyuta, hewa huwa nzito haraka, na misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, ukungu utaota nyuma ya paneli. Acha sentimita 5 kati ya paneli na ukuta wa nje.

Kioo cha pili kinasaidia ikiwa kiko mbali na cha kwanza, sentimita 10 au zaidi, na kimezibwa vyema. Mvua kwenye mabati haina dawa ya bei rahisi. Inahitaji dari nzito yenye rokiwulu juu yake, na kuning'iniza uzito huo ni kazi ya fundi anayejua mbao za paa zinabeba nini. Mvua ikinyesha, acha kurekodi, vaa hedifoni, hariri.

Jirani akigonga mlango, zungumza naye kabla hajafika kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa. Mara nyingi atakachotaka ni saa ya kunyamaza tu.

Dalili ya 7: Mvumo usiokwisha hata muziki ukisimama

Umeme wetu ni Hz 50, na chumba cha futi 12 kinang'ang'ania Hz 47. Mvumo mdogo wa umeme, ukikaa karibu na ukuta, unaweza kusikika mkubwa kuliko ulivyo. Kwa hiyo sogeza kichwa kwanza, usikie kama unabadilika.

Kisha chomoa kebo za kuingilia kwenye spika. Ukiendelea, kosa ni la spika au la umeme wake. Ukikatika, zirudishe na uendeshe kompyuta kwa betri. Ukikatika tena, ni mzunguko wa ardhi, yaani vifaa vimeungana na waya wa ardhi kwa njia zaidi ya moja: chomeka vyote kwenye soketi moja ya ukutani na utumie kebo za balansi (zenye waya mbili za sauti na kinga). Kama unatumia sola, shuku inveta. Zile za bei rahisi zisizotoa wimbi laini huleta mlio wa nyuki kwenye spika.

Kamwe usikate wala kuziba pini ya ardhi ya plagi ili mvumo uishe. Utaisha kweli, na siku waya utakapogusa chuma, mwimbaji aliyeshika maiki ndiye atakayekuwa ardhi. Ukihisi hata mwasho mdogo unapogusa intafesi, grili ya dirisha au maiki, zima swichi kuu, watoe watu chumbani, na mwite fundi umeme mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme, apime ardhi ya nyumba nzima. Mpaka amalize, maiki zibaki kwenye masanduku yake.